Kiingilio cha Mama Mkwe

Mama yangu mzazi ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyelipa kiingilio kamili ili atazame mlango. Na hakulipa mara moja. Alilipa mwaka hadi mwaka, kiingilio kikipanda, yeye akinung'unika, na kila mara aliingia ukumbini, akaweka kigoda chake, akaupa mgongo mchezo uliomtoa kwake Rugu kwa miguu, akatulia hivyo mpaka wimbo wa mwisho. Mgeni angedhani amesusa. Wapi! Alikuwa anaona raha kuliko sisi wote tuliotazama mbele.

Sababu ya mgongo ule ilikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mfalme. Simaanishi mfalme wa kweli, ingawa zipo siku alijisahau akaniita nimletee maji kwa sauti ya jukwaani, nami nikamjibu aje ayachote mwenyewe, mtungi unamjua. Pale kwetu Igurwa palikuwa na kikundi cha maigizo ya nyimbo, na kikundi kilikuwa na mchezo mmoja tu, na mchezo ulikuwa na mfalme mmoja tu, na huyo alikuwa yeye. Mfalme anawasikiliza wanaomsifia, anamfukuza mama yake mzazi kwenye boma, mvua inakataa kunyesha, migomba inakauka, watu wanalia njaa. Mwisho anamfuata mama yake porini, anapiga magoti mbele yake na kumwomba radhi kwa wimbo mrefu. Yote yaliimbwa. Hata walipoulizana habari za asubuhi waliulizana kwa kuimba.

Mchezo ulionyeshwa mara moja kwa mwaka, Jumamosi mchana, watu wakishauza kahawa. Walikuja wa Igurwa, wa Rugu, hata wa Mabira, ambako siku hizi ni wilaya nyingine kabisa. Kila mtu aliujua mchezo kwa moyo na hakuna aliyekuja kujua mwisho wake. Walikuja kuona kama mwaka huu mfalme atapiga magoti vizuri. Maana mume wangu, nimseme nitakavyomsema, alikuwa na sauti. Alikuwa akifika kwenye wimbo ule wa magoti, ukumbi mzima unanyamaza, na fundi seremala wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, anang'ata kofia yake asisikike akilia.

Sasa mama. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, akaja huku msichana mdogo, wazazi wake wakitafuta kazi ya kulima. Mali waliyokuja nayo ilikuwa ndogo, ila heshima waliibeba yote. Na katika heshima hizo, kubwa ilikuwa hii: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani katikati ya mashamba, mama anaingia kwenye migomba ya watu, anageuka, anajifunika kitenge mpaka kichwani. Mume wangu anachuchumaa upande wa pili wa njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Basi, hapo kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke kwanza, kwa heshima. Siku moja walisubiriana mpaka mvua ikawanyea wote wawili, nami nimesimama katikati na kikapu nikiwaambia jamani, mmoja wenu aanze kutembea.

Zaidi ya salamu hawakuwa na maneno. Jambo lolote la kuambiana lilipita kwangu. Kanisani hapakuwa na shida, wanaume walikaa upande wao na wanawake wao. Mchungaji alijaribu kumweleza mama kwamba mambo hayo ni ya zamani. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, halafu akaniambia tukiwa njiani kwamba mchungaji hana mkwe, watoto wake bado wadogo, tumwache akue.

Zamani mchezo ulikuwa bure. Vita vya Kagera vilipokwisha, watu wakiwa na hamu ya kucheka, kikundi kilianza kuimba kwenye kiwanja cha shule, na malipo yalikuwa makofi. Mama alikaa ukingoni, nyuma ya mgomba, akisikiliza. Mgomba ulimkinga na mkwe wake na hakuna aliyedaiwa kitu. Ni mvua iliyotuharibia. Mwaka mmoja ilimkuta mfalme akiimba juu ya ukame, watu wakacheka mpaka mchezo ukavunjika, na kamati ikaamua kuhamia ukumbi wa usharika. Ukumbini hakuna mgomba. Ndipo mama akabuni ile ya kugeuza kigoda.

Na kumbe aligundua kitu. Alipougeuzia mchezo mgongo, watazamaji wote wa benchi za nyuma walimtazama usoni, naye akawatazama. Akawa anausoma mchezo kwenye nyuso zao. Alijua nani ataanza kulia na nani anajifanya halii. Alijua yule bwana mwenye ng'ombe wengi huwa anasinzia mpaka wanaposifia utajiri wa mfalme, hapo anaamka. Sehemu moja tu ilimtesa, ile ya magoti. Aliona nyuso zinabadilika zote kwa pamoja, na hakujua zimeona nini. Mimi nilikaa ubavuni kwake nikitazama mbele.

"Hapo anafanyaje?" ananiuliza kwa kunong'ona.

"Anapiga magoti."

"Anapigaje?"

"Kama watu wote, mama. Linatangulia moja, linafuata lingine."

"Mh. Wewe hujui kusimulia. Bora ningekuja na mbuzi."

Kiingilio cha kwanza kilikuwa yai. Waimbaji waliamini yai bichi linalainisha koo, basi kila anayeingia alileta yai moja mlangoni, na mume wangu, ambaye juu ya ufalme alikuwa pia mweka hazina, aliyapokea akiwa na uso wa mtu wa benki. Aliyameza mayai ya watu mpaka nikawahurumia kuku. Mwaka uliofuata likawa yai na kuni. Halafu ukawa mkungu wa ndizi kwa familia, ili waimbaji wapate chakula siku za mazoezi, na hapo ndipo tulipojua kwamba familia za Igurwa ni kubwa sana: mtu aliingia na mkungu mmoja, watoto wake, watoto wa jirani, na wageni wa jirani. Kamati ikakasirika. Kikawa kiingilio cha pesa, kichwa kwa kichwa.

Pesa ilipoingia, wasiokuwa nayo wakahamia madirishani. Kamati ikaziba madirisha kwa mablanketi. Mablanketi yakaleta giza, saa nane mchana hatuonani. Zikatafutwa karabai. Karabai zinataka mafuta ya taa, na miaka ile mafuta ya taa, kama sabuni na sukari, uliyapata kwa kujuana. Kiingilio kikapanda.

"Yaani wamefungia jua nje ili watuuzie taa," mama alisema. Nilimfikishia mume wangu neno hilo. Hakucheka.

Kisha miaka ya ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa, vitu vikajaa madukani, na kamati nayo ikataka vitu. Mfalme, aliyekuwa akijifunga kitambaa changu cha meza, akashonewa joho. Ikakodiwa spika na maikrofoni kutoka mjini Kayanga, na jenereta ya kuziendesha. Jenereta ile ilinguruma nyuma ya ukumbi kiasi kwamba ilibidi iongezwe spika ya pili ili tuwasikie waimbaji juu ya jenereta iliyoletwa kwa ajili ya spika ya kwanza. Na kila kitu kilikatwa kwenye mfuko wetu. Ilifika mahali mama anauza jogoo ili aingie kumsikiliza mkwe wake ambaye, akiwa shambani kwangu anapalilia kahawa, anaimba wimbo ule ule bure kuanzia asubuhi mpaka jua linakuwa kali.

Hapo mama akaanza vita vyake.

"Mwambie mwenzio," aliniambia, "mwenye macho na masikio alipe yote. Mimi natumia masikio tu. Nilipe nusu."

Nilibeba ujumbe huo toka Rugu. Mume wangu aliufikiria huku akichambua kahawa.

"Mwambie mama kwamba nafasi anayokaa ni ile ile, atazame mbele au nyuma."

Nikaurudisha.

"Mwambie kigoda ni changu, nimekibeba kichwani mwangu. Nafasi ya benchi sijaigusa."

"Mwambie mama kwamba sakafu ni ya usharika."

"Mwambie sakafu hiyo hiyo Jumapili naikalia bure, tena mbele ya Mungu."

Nilikuwa posta, na posta ile haikulipwa hata kikombe cha chai. Kumbe mwenzangu roho ilikuwa inamuuma. Jioni moja aliniambia, bila kunitazama, kwamba yuko tayari kumlipia mama kiingilio chote kutoka mfukoni mwake, kimya kimya, kamati isijue. Nikaona sasa tumemaliza. Nilikwenda Rugu nikitembea upesi.

Mama alichukia kweli. "Niingie kwa pesa ya mkwe? Halafu nimshukuruje? Kwa mgongo?"

Nikanywa maji yangu nikarudi.

Ndipo mume wangu akalipeleka jambo hilo kwenye kamati, na kamati, Mungu awasamehe, ikamhurumia. Wakapitisha kwamba mama mkwe yeyote mwenye mkwe jukwaani, akikubali kukaa amegeuka, alipe nusu. Walimfikiria mama yangu na labda vikongwe wengine wawili. Wanaume wazima, wamezaliwa hapa hapa, wakasahau namna tunavyohesabiana! Kwetu mama mkwe hawi mmoja. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe. Binamu yake ni mama mkwe. Wa ukoo wake walio rika lake, wote ni mama mkwe. Na jukwaani hakuwepo mfalme peke yake. Walikuwepo askari, wapiga ngoma, wasifiaji, waliolia njaa, wote wameoa.

Jumamosi ile nilikaa mlangoni kusaidia kupokea pesa, na sitaisahau. Walikuja wanawake kama wanaokwenda msibani, vitenge vichwani, nyuso za majonzi.

"Mkwe wako nani?"

"Mpiga ngoma."

"Yupi?"

"Yule mwembamba. Mama mkwe wake na mimi tulinyonya ziwa moja."

Mmoja binti yake alikuwa bado hajaolewa, posa tu ndiyo ilikuwa imeletwa, akasema sasa unataka nimtazame nimharibie? Bibi mmoja Mkatoliki, ambaye sote tulijua binti yake pekee ni sista, alitoa nusu yake bila wasiwasi. Nilipomuuliza mkwe wake ni nani, akanijibu kwamba wa kwake yuko juu kuliko wetu wote, nimpishe apite. Nikampisha. Ningefanyaje?

Ilipotimia saa ya kuanza, nusu ya ukumbi ilikuwa imegeuka. Mume wangu akatoka nyuma ya pazia na joho lake, akapanua kifua, akakutana na mistari na mistari ya migongo. Akasahau ubeti wa pili. Wasifiaji walisifia migongo, askari wakatisha migongo. Kwenye benchi ya tatu nilimwona mama mmoja amechomoa kioo cha kunyolea cha mumewe kwenye sweta, anakiinua kidogo kidogo anatafuta jukwaa, na jirani yake anamwambia sogeza kulia, sogeza, mwache mfalme aingie. Nilicheka mpaka nikatoka nje kupumua.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa mama. Maana wale waliogeuka walikaa kati yake na mlango, na sasa naye aliona migongo mitupu. "Wamenifungia mchezo wangu," alisema njia nzima. Neno hilo nilimpelekea mume wangu nikidhani atacheka. Alikuwa anahesabu makusanyo ya siku ile na hayakumchukua muda.

Mwaka uliofuata nusu ilifutwa, na ili kuziba pengo, kiingilio kikaongezwa maradufu. Mama wakwe wa bandia wakageukia mbele bila haya yoyote, mkwe au si mkwe. Akabaki mama yangu na kigoda chake. Nilitegemea makelele. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilimkuta anamenya ndizi, na niliona anatafuta kisu kwa kupapasa, na kisu kiko mbele yake. Jicho la kulia lilikuwa na wingu. La kushoto lilikuwa linaanza. Kule hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, asubiri madaktari wa macho, ambao wakati ule walikuja huku kwetu kama mvua ya ajabu, hujui siku wala saa.

"Nataka nimwone anavyopiga magoti," aliniambia. "Si yeye. Mfalme."

"Mfalme ndiye yeye, mama."

"Ndiyo shida yenyewe."

Nikamwambia tumvishe kinyago afiche uso. Akafikiri. "Na magoti yatakuwa ya nani?" Nikamwambia basi achungulie kidogo tu, dakika moja, nani atajua? Akanitazama kwa lile jicho lililobaki, nikajuta kufungua mdomo. Kisha akasema kitu ambacho mama yangu hakuwahi kukisema mbele yangu, hata wakati wa vita mabomu yalipokuwa yakisikika.

"Naogopa, mwanangu. Nimekaa na hizi nyuso miaka yote, na kile zinachokiona sikijui. Nikipofuka nitakuwa sikijui moja kwa moja."

Nilirudi Igurwa nikilia barabarani kama mtoto. Nikamweleza mume wangu yote, hata la kuogopa, ingawa sikutumwa nalo. Alimaliza chakula chake, akanawa, akatoka akaenda kuwatazama mbuzi ambao walikuwa salama kabisa.

Nataka mjue ufalme ule ulikuwa nini kwake. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kama wengine, hakusoma sana, hakuwahi kuchaguliwa kuwa chochote. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kawaida, halafu Jumamosi moja wilaya nzima ilinyamaza ili aimbe. Aliusubiri wakati ule kwa miezi. Aliimba akikata majani, aliimba akichota maji, na mimi niliyemcheka kila siku nilikuwa ninayajua maneno yote.

Wiki ile aliiambia kamati kwamba amechoka, awape vijana nafasi. Joho akapewa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mtanashati, mwenye kiuno cha kucheza. Kamati ikalalamika, kiingilio kimeshatangazwa, watu watadai mfalme wao. Yeye akajitolea kuitunza jenereta, huko nyuma ya ukumbi.

"Mwambie mama mwaka huu sipo mchezoni," alinituma. "Basi. Usiongeze."

Sikuongeza.

"Anaumwa?" mama aliniuliza.

"Haumwi."

"Wamemfukuza?"

"Hapana, mama."

Alimenya ndizi tatu nne, akiyarusha maganda nje ya karai kwa kutoona vizuri.

"Kiingilio kimepanda sana mwaka huu," akasema. Akaingia ndani kutafuta nguo ya kuvaa.

Alikuja amevaa gauni la Pasaka. Alilipa pesa yake yote, hakuomba punguzo. Akafika mahali pake, akaweka kigoda, akakaa akiwa ameelekea jukwaani. Benchi za nyuma, zilizouzoea uso wake miaka nenda rudi, zikaona kisogo. Fundi seremala akainuka nusu, akaniuliza kwa mikono kulikoni. Nikamwashiria akae.

Mama alitazama kama mtu anayekula baada ya kufunga. Karabai mbili zilikuwa mbele na aliweza kuona. Aligundua kwamba umati wa wasifiaji, ambao kwa masikio aliuhesabu kuwa kijiji kizima, ni vijana watatu wanaozunguka pazia. Aligundua kwamba mama yake mfalme, yule mwanamke mpole ambaye mama alimlilia kila mwaka, ni fundi cherehani mwenye ndevu aliyevaa gauni.

"Mawe!" alimaka kwa kilugha, akanishika mkono. "Kumbe huyu? Na ananidai pesa ya kushonea!"

Mwalimu alicheza vizuri, sina ubaya naye. Alikuwa na mwendo wa kifalme. Shida ilikuwa akifungua kinywa. Aliimba kama anayeita mahudhurio, na spika ilimsaidia kutufikishia kila kosa. Mpaka wimbo wa magoti ukafika. Akasogea mbele ya fundi cherehani, akatoa leso mfukoni, akaitandika sakafuni suruali isichafuke, akapiga magoti. Yalikuwa magoti mazuri. Mama alijiinua kwenye kigoda. Mwalimu akaanza kuimba. Hakuna aliyelia. Nilimwona mama anageuka nyuma haraka, anazitafuta zile nyuso zake, anazikuta zimelala. Akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa na swali ambalo sikuweza kulijibu: hiki ndicho nilichokikosa?

Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Spika zikafa, maikrofoni ikafa, mwalimu akabaki na kinywa wazi mbele ya ukumbi mzima. Karabai ziliendelea kuwaka. Na katika ukimya huo tukasikia, nyuma ya mablanketi, nyuma ya ukuta, mtu anaimba.

Alikuwa hajui. Alikuwa anauimba wimbo wake mwenyewe, kwa sauti yote, akidhani jenereta inamfunika, na kwa kuimba akasahau kuongeza petroli. Jenereta ilipozima, naye alikuwa amekwenda mbali mno kwenye ubeti kurudi. Aliimba pale mfalme anapomwambia mama yake kwamba alimtazama kila siku na hakumwona. Nilimjua mume wangu, nilijua amefumba macho.

Mwalimu, nitamsifu hapa mpaka nife, hakusimama. Alifunga kinywa chake, akainamisha kichwa mpaka kikagusa miguu ya fundi cherehani, akakaa hivyo, akimwachia wimbo yule aliye nje. Fundi cherehani akamwekea mkono kichwani. Nyuma yangu nilisikia watu wanavuta pumzi, na mtu mmoja ambaye kofia ya kung'ata ilikuwa haimtoshi tena.

Mama alitazama mbele. Hakupepesa. Machozi yalimtoka macho yote mawili, zima na bovu, akayaacha yashuke. Hapakuwa na cha kusimulia.

Tulipotoka, watu wote walielekea barabarani. Mama akanishika mkono akanipeleka upande wa nyuma wa ukumbi, mahali alipokuwa na uhakika atamkuta. Mume wangu alikuwa amesimama na kidumu cha petroli, amechanganyikiwa, maana vijana walikuwa wameshamkimbilia kumwambia amesikika. Alipotuona akachuchumaa upesi. Mama akajifunika kitenge, akamgeuzia mgongo kama desturi, akatazama migomba ya usharika.

Nilisubiri anitume. Nilikuwa tayari, miaka yote hiyo, kusikia mwambie mwenzio.

"Mwanangu," mama alisema, na hakuwa anasema na mimi. "Kutazama nimetazama. Sasa mwakani rudi ndani uimbe."

Mume wangu, mwenye sauti ya kuufunika ukumbi na jenereta yake, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alikiweka kidumu chini. Akabaki amechuchumaa pale pale, na mara hii mama ndiye aliyetangulia kuondoka.